Eti nifute kashe! Hawa watu wa hosting, wanaonikodisha seva, wananitafuta nini?

Wakuu, nimesoma jibu lao sasa hivi, mikono inatetemeka. Siwataji, mnawajua: wale wa "Mpendwa mteja".

Mfumo wangu wa shule, niliouandika kwa lugha ya PHP, umetuma barua pepe 412 za ada kwa wazazi. Kwenye dashibodi zote zina tiki ya kijani: IMETUMWA. Iliyofika ni moja, niliyojitumia mwenyewe, tena kwenye spamu. Mhasibu ananipigia tangu saa moja asubuhi kama mimi ndiye niliyekula ada.

Nikawaomba kistaarabu logi ya seva ya barua, yaani kumbukumbu ya kila barua iliyopita, nione zimekwama wapi. Siku tatu kimya, hata matanga yangekuwa yameanuliwa. Leo wananijibu: "Mpendwa mteja, tafadhali futa kashe ya brauza yako."

Kashe! Ya brauza! Zile nakala za kurasa nilizofungua! Ng'ombe wamepotea, naambiwa nioshe miwani. Nikauliza tena. "Mpendwa mteja, umeshafuta kashe?"

fundi_redio: Mkuu, hiyo tiki inatoka wapi? Usiniambie umeandika if (mail(...)) basi "imetumwa".

Mleta uzi: mail() ndiyo amri ya PHP ya kutuma barua, na inarudisha true, yaani "ndiyo". Ulitaka niandike nini?

fundi_redio: Hahaha! True ni seva yako kukubali kuibeba tu. Umempa kondakta bahasha, basi halijatoka stendi, wewe unatangaza imefika Mwanza. Washa mail.log kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, weka jedwali la Message-ID (kitambulisho cha kila barua), mpokeaji na hali, halafu usome zinazorudi kwa kushindwa kufika. SPF na DKIM za domeni, zile za kuthibitisha barua imetoka kwako kweli, unazo?

Mleta uzi: SPF tutaongea. KASHE inaingiaje hapa?

chapati_mbili: Kwani umeshafuta?

kobe_wa_pwani: Tia kipicha cha pikseli 1 ndani ya barua, kikivutwa kutoka seva yako utajua nani kafungua.

fundi_redio: Usimpoteze. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kukivuta yenyewe, mtu hata hajaigusa barua.

binti_seva: Afadhali yako barua pepe. Mimi SMS: kila moja ripoti inasema imepokelewa, salio linakatwa. Juzi hata namba ya marehemu "imepokea".

chapati_mbili: Marehemu gani tena?

binti_seva: Baba mdogo wa mteja. Simu imezimwa tangu msibani, laini iko kwenye droo.

kobe_wa_pwani: Hao wanaanza na "Ndugu mteja"?

binti_seva: Hao hao!

kobe_wa_pwani: Nimewalipia mwaka mzima jana.