Leavenworth, mji uliojivika sura ya Bavaria: ni haki sheria kumpangia mtu sura ya duka lake?

Baba Pendo (Kent)
Wakuu, habari za Jumapili. Jana usiku nimerudi kutoka Leavenworth, ule mji wa milimani hapa jimboni Washington uliojengwa kwa sura ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani. Kutoka Kent ni mwendo wa kama saa mbili na nusu ukipanda Stevens Pass. Sitawachosha na picha, ila korongo la Tumwater msimu huu wa majani kupukutika lazima nilitaje. Mto Wenatchee unakimbia chini, kuta za mlima huku na huku zimewaka njano na nyekundu. Unatamani usukani ashike mtu mwingine, wewe utazame tu.

Sasa hoja. Pale mjini kila jengo la biashara lina roshani za mbao, vyungu vya maua, paa la mteremko na michoro ukutani. Benki iko hivyo, kituo cha mafuta kiko hivyo. Si hiari ya mtu: sheria ya mji inamtaka kila mwenye biashara ajenge, hata bango aliandike, kwa mtindo wa Bavaria ya kale. Mwanangu wa miaka sita alisimama chini ya nyumba moja akanyoosha mkono afungue dirisha. Kumbe dirisha lenyewe limechorwa. Akaniuliza, "Baba, humo ndani kuna nani?" Swali limenikaa mpaka leo.

Jamaa niliyekwenda naye anasema tumelipa hela kutazama uongo. Mimi nakataa. Mji ulikuwa unakufa, wakauokoa. Wale Wajerumani nawapa heshima yao, wametunza utamaduni wao ugenini kuliko sisi tunavyotunza wetu. Je, ni sawa halmashauri kumpangia mtu sura ya duka lake? Karibuni.

Fundi Tacoma
Baba Pendo, umetuanzisha vibaya kaka. Hakuna Wajerumani waliotunza chochote pale. Ule ni mji wa reli na mbao. Reli ya Great Northern ilihamishia shughuli zake Wenatchee miaka ya 1920, kiwanda cha mbao kikafungwa, maduka yakabaki matupu kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1962 wenyeji, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Washington, wakaunda kamati ya kuunusuru mji. Jamaa wawili wenye mgahawa barabarani, Ted Price na Bob Rodgers, walishaona Solvang kule California, mji wenye sura ya Denmark, wakasema na sisi tunaweza. Tofauti ni kwamba Solvang ilianzishwa na Wadenmark wenyewe, mwaka 1911. Leavenworth walitazama milima yao wakasema inafanana na Alpi, basi tuwe Bavaria.

Nimewahi kukarabati roshani moja pale. Ukitoa zile mbao zilizochongwa unakuta ukuta wa matofali ya kawaida kabisa, bado una alama za rangi ya bango la zamani. Nilikaa pale na nyundo mkononi nikijaribu kusoma herufi. Lilikuwa duka la vifaa. Hilo ndilo jengo, lile lingine ni koti.

Mngoni Halisi
Baba Pendo nimekusoma mara mbili nikihakikisha. "Wale Wajerumani nawapa heshima yao." Wewe ni Mtanzania? Mimi natoka Songea. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji, Wajerumani walimnyonga kiongozi wetu Nduna Songea Mbano na wenzake, wakazikwa, na kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Juzi tu, Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea kuomba msamaha mbele ya familia. Watu bado wanatafuta kichwa cha babu yao, wewe unapiga picha na mtu aliyevaa kaptula ya ngozi ya Kibavaria?

Nyakio wa Everett
Jamani, mtu ameuliza kuhusu maduka na majani ya miti. Kila kitu lazima kirudi kwa ukoloni? Hata hao wenye kaptula ni Wamarekani wa kawaida, Fundi ameshaeleza hapo juu. Na Bavaria ilikuwa na mfalme wake mpaka 1918. Msiweke lawama zote kapu moja.

Mngoni Halisi
Mfalme wake alikuwa ndani ya dola la Kaiser tangu 1871, dada. Watu wa Songea hawakuulizwa kamba inatoka jimbo gani.

Na sijasema watu wasitazame majani. Nimesema neno heshima lina bei. Ningekuwa na uwezo, kila walichojenga kwetu ningekivunja nikapanda mahindi.

Nyakio wa Everett
Neno lina bei, sawa. Babu yangu aliwekwa kizuizini na Mwingereza enzi za hali ya hatari kule Kenya, na leo nasomesha watoto kwa Kiingereza nikila mshahara wa Kiingereza. Sikatai historia. Nakataa kuambiwa eti nikipeleka watoto kutazama majani nimemsaliti babu. Usinifundishe mimi uchungu.

Baba Pendo (Kent)
Mngoni, samahani sana kaka. Nilikosea jambo na nikakosea neno. Sikuwa na habari kwamba hawakuwa Wajerumani, na hata wangekuwa, nilipaswa kufikiri kwanza kabla ya kuandika hivyo mbele ya watu wa Songea. Naomba turudi kwenye sheria ya maduka.

Mama Shukuru
Mimi nafanya kazi pale mwaka wa tatu, natandika vitanda na kusafisha vyumba katika hoteli moja. Naishi Wenatchee, kilomita kama 35, kwa sababu Leavenworth kwenyewe nyumba ya mtu wa mshahara wangu haipo. Mji una wakazi wasiozidi 2,500 hivi, na wikiendi za Oktoba na Desemba wageni ni wengi kuliko wakazi. Halmashauri imepiga marufuku kupangisha nyumba za makazi kwa siku moja moja ili watu wapate pa kuishi, na hata hivyo nyumba hazitoshi. Anayepika soseji, anayefagia, anayemwagilia yale maua ya roshani, wengi wetu tunakuja kwa gari alfajiri na kurudi usiku.

Sasa nyinyi mnauliza kama ni uongo. Mimi nauliza anayeutengeneza huo uzuri analala wapi. Na nyinyi wa Seattle mkija mpunguze taka vyumbani, mnatuachia maganda ya tufaha mpaka chini ya mito.

Nyakio wa Everett
Mama Shukuru kwa heshima zote, mimi chumba nikikiacha unaweza kukipangisha tena bila kufagia. Nimelelewa. Usitujumlishe.

Kijana wa Kati
Na mimi nimewahi kulala pale na vijana wenzangu, tulitoa taka wenyewe mpaka nje. Tatizo ni hoteli kuwa na ndoo ndogo ya taka kama kikombe.

Bint Malindi (Unguja)
Mama Shukuru kasema jambo zito, mkaliacha mkashika maganda ya tufaha. Hebu.

Mimi ni wa Mji Mkongwe. Sisi pia tuna sheria na mamlaka ya kumwambia mtu mlango usiutoe, baraza usiivunje, na tangu 2000 tumo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tofauti ni kwamba sheria yetu inalinda kilichokuwepo, yao inaamrisha kisichokuwepo. Lakini machungu ya mwenye nyumba ni yale yale. Mjomba wangu ana nyumba ya chokaa na boriti za mkoko, kila masika ukuta unavimba. Akitaka kutia saruji anaambiwa hapana, chokaa. Fundi wa chokaa ghali, chokaa yenyewe inataka muda. Lile jumba la kale la Beit al Ajaib lilipoporomoka sehemu yake siku ya Krismasi 2020, alikaa barazani hakusema kitu, alitazama ufa wa ukutani kwake tu. Sasa huyo mwenye duka Leavenworth, roshani ikioza, nani anamlipia?

Fundi Tacoma
Anajilipia. Tangu mwanzo wenye majengo waligharamia wenyewe. Ndiyo maana mimi naiona ni haki kuliko mnavyodhani, walikubaliana wakiwa hawana cha kupoteza. Shida ni kwa anayekuja leo. Yeye hakuwemo kwenye makubaliano.

Mwanafunzi wa Ellensburg
Naomba niongeze moja kwa sababu limenishangaza halijatajwa. Pale ambapo kijito cha Icicle kinaingia mto Wenatchee, ni palepale Leavenworth, palikuwa pa kuvua samaki pa watu wa Wenatchi, wenyeji wa asili wa bonde hili, wenyewe wanajiita P'squosa. Mkataba wa 1855 na serikali ya Marekani uliwaahidi eneo hilo la uvuvi. Mwaka 1894 likauzwa kwa dola 20,000 bila ridhaa yao. Haki ya kuvua pale ilithibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2010. Mkiuliza ni utamaduni wa nani unastahili kuchorwa kwenye kuta za mji ule, jina la mto wenyewe ni lao. Nilizunguka barabara ya Front kutwa nzima nikitafuta ukuta unaowataja. Michoro niliyoiona mimi ni ng'ombe wenye kengele shingoni na wachungaji wa Alpi.

Mngoni Halisi
Ahsante sana mdogo wangu. Ndicho nilichokuwa natafuta maneno yake.

Mzee wa Mombo
Nimenyamaza muda mrefu nikisoma. Mngoni, uchungu wako ni wangu, lakini ulisema kila walichojenga ungekivunja upande mahindi. Hapo umenigusa. Mimi nimekulia Mombo, pembeni ya reli ya Mjerumani iliyotoka Tanga ikafika kwetu mwaka 1905. Kuna mikono ya nani kwenye reli ile? Ya babu zetu. Kanisa la Azania Front pale Dar ni la enzi za Mjerumani, nenda Jumapili ukasikie kwaya inavyoimba Kiswahili mpaka watu wanasimama nje. Ukivunja unavunja jasho la nani?

Mngoni Halisi
Mzee wangu shikamoo. Nilisema kwa hasira. Lakini jasho lililotolewa kwa kiboko silioni kama hati ya umiliki.

Mzee wa Mombo
Marahaba. Mimi naliona. Tena ndiyo hati pekee waliyoachiwa. Hapo tutatofautiana mimi na wewe, na si vibaya.

Ila niwaambie nyinyi wa huko Marekani mnaopanga kwenda kulala kwenye mji wa roshani za kupachika. Lushoto, milimani juu ya Mombo, enzi za Mjerumani iliitwa Wilhelmstal. Walipanda kule kukimbia joto na malaria, na majengo ya enzi hizo mengine yapo mpaka leo, yanakaliwa na Wasambaa wenyewe, hakuna sheria inayomtaka mtu avae chochote. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Mama anauza plamu na peasi kwenye ndoo kando ya barabara, ukichagua anakuongeza mbili bila kuombwa.

Nyakio wa Everett
Mzee, peasi? Kumbe zinaota huko? Bonde zima la Wenatchee ni peasi na tufaha, nilinunua sanduku njiani pale Peshastin.

Mzee wa Mombo
Zinaota mama. Ndogo, ngumu kidogo, tamu.

Baba Pendo (Kent)
Mama Shukuru, nilikuwa nimepanga kurudi na familia tatu wikiendi ijayo. Tumeahirisha, tutakwenda katikati ya wiki, mchana tu, tutembee kando ya mto na turudi. Nimetafuta pia kibali cha kulala kule juu kwenye milima ya Enchantments, kwenye ile miti jamii ya msonobari inayogeuka dhahabu kisha inaangusha sindano zake, nikaambiwa ni bahati nasibu na ya mwaka huu imeshapita. Ukiwa na nafasi siku hiyo tuonane, watoto wangu wakusalimie. Na ndoo tutakuja na yetu.

Mama Shukuru
Jumatano nakuwa huru saa nane. Niko upande wa bustani ya Front, karibu na kibanda cha muziki. Mtoto wa dirisha mlete, nimwoneshe mlango wa nyuma tunakoingilia sisi. Huo unafunguka.

Mwanafunzi wa Ellensburg
Sheria ya maduka imeishia wapi sasa?

Nyakio wa Everett
Mzee wa Mombo, ndugu zangu wa Tanga wananiita Desemba. Mombo kupanda Lushoto ni lami yote? Mvua za vuli zikichelewa gari dogo linafika, au nitafute la juu? Na hizo peasi Desemba zitakuwepo au nitakuta zimeisha?