Nasoma mengi ya kiroho lakini hayakai moyoni. Nianze na kitabu gani?

DadaWaMwanjelwa
Tumsifu Yesu Kristo. Nimelelewa katika Kanisa la Moravian, Rungwe, na nimepokelewa Katoliki kwenye Mkesha wa Pasaka hapa Mbeya. Biblia naifahamu kiasi, maana kwetu ilisomwa kila jioni. Nilichokikuta huku na ambacho nina njaa nacho ni watakatifu, Katekisimu na barua za Mapapa. Nauza mitumba Mwanjelwa, hivyo muda wangu ni alfajiri kabla ya kufungua belo, na kwenye daladala kutoka Uyole. Makundi ya parokia na ya jumuiya yananitumia tafakari kwenye simu, nazisoma zote, na ikifika saa nne sikumbuki hata moja. Hela niliyonayo ni ya kitabu kimoja. Ninunue kipi, na nikisome vipi ili kisiishie kichwani?

Mwanaparokia_Mafinga
Milele amina, dada, karibu nyumbani. Nunua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho ya imani yetu. Sehemu nne: imani, sakramenti, maisha katika Kristo, sala. Yote uliyofundishwa kabla ya Pasaka yamo.

KatekistaMstaafu_Njombe
Mwanangu, ndugu wa Mafinga amesema kweli, ila Katekisimu ina aya 2865. Ukianza na ya kwanza kwa haraka ya kwenye daladala, utachoka kabla hujafika kwenye sakramenti. Siku ukiipata, fungua kwanza sehemu ya nne, aya ya 2558. Sehemu hiyo inafunguliwa na maneno ya Mt. Teresia wa Mtoto Yesu kuhusu sala.

Kwa sasa usiione hela ya kitabu kimoja kuwa ndogo. Watawa Wabenediktini wa Peramiho, waliofika huko mwaka 1898 na kutulea kiroho wengi wetu wa Kusini, wanaishi kwa Kanuni ya Mt. Benedikto. Sura ya 48 inagawa saa za kazi ya mikono na saa za kusoma mambo matakatifu, kisha inaagiza kwamba Kwaresima ikianza kila mmonaki apewe kitabu kimoja, akisome kwa mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Kimoja tu! Na hao ni watu ambao sala ndiyo maisha yao. Agizo hilo nimelipenda tangu nilipoanza kufundisha kigangoni, na wakatekumeni wangu wote, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, nimewapa.

Kuhusu kusoma vipi: katika karne ya 12 mmonaki wa shirika la Wakartusi, Guigo II, alieleza ngazi yenye vidato vinne, yaani kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele ya Mungu. Tafakari za simu zinakuacha kwenye kidato cha kwanza, kwa sababu kabla hujaanza cha pili nyingine imeshaingia. Hapo ndipo zinapopotelea, wala tatizo si akili yako.

Fanya hivi. Alfajiri, simu ikiwa mbali, soma Injili ya Marko kipande kifupi, kwa sauti ya chini, mara mbili. Neno likikushika, simama hapo, usiendelee. Kwenye daladala usisome kitu, nenda na neno hilo. Ukifika sura ya 10, Bartimayo kipofu anaulizwa na Bwana, “Wataka nikufanyie nini?” Lichukue swali hilo toka Nane Nane hadi Mwanjelwa, umjibu Bwana kwa maneno yako, ukitaja madeni, watoto, chochote kilicho moyoni. Kujibu huko ndiko kusali.

Mwalimu_Tosamaganga
Naongeza moja tu. Mt. Ignasi wa Loyola alijeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521, akiwa kitandani akaomba hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwepo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akagundua kwamba ndoto zake za ushujaa zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, bali akiwaza kuishi kama watakatifu furaha ilibaki. Kwa hiyo dada, jioni ukifunga kibanda, angalia usomaji wa asubuhi umekuachia nini.

DadaWaMwanjelwa
Asanteni sana, hasa mzee wa Njombe. Biblia niliyonayo ni ile ya kwetu Rungwe. Inafaa, au ninunue nyingine?

KatekistaMstaafu_Njombe
Kwa Marko inatosha kabisa, anza nayo kesho. Lakini ina vitabu 66, ya kwetu ina 73. Vinavyokosekana ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo. Basi hela yako inunue Biblia yenye vitabu hivyo, ulizia parokiani. Ukimaliza Marko nenda kwa Yoshua bin Sira, sura ya 2. Pale mwalimu anamwandaa mtu anayekuja kumtumikia Bwana, na anaanza kwa kumwambia ajiandae kujaribiwa.