Kingamwili ya CDX2 inayopaka kila kitu isipokuwa kiini, halafu tunaambiwa "boresheni itifaki"

Wadau wa maabara, hasa mlioko Kisumu, Eldoret na Nakuru, someni hii kabla hamjatia sahihi oda nyingine.

Tulinunua kingamwili ya sungura (protini inayonasa protini nyingine, ili mahali ilipo paonekane kahawia kwenye tishu), ile ya poliklono, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi za mnyama, ya kutambua CDX2 kwenye tishu za utumbo. Mikrolita 100, yaani matone mawili hivi, kwa zaidi ya shilingi 60,000 kabla ya usafiri. Kampuni siitaji, wala wakala wake wa Nairobi. Wanajijua.

Kwa asiye wa fani: CDX2 ni protini inayowasha jeni za utumbo. Inakaa ndani ya kiini cha seli za ukuta wa utumbo, kuanzia duodeni hadi rektamu. Mfuko wa tumbo ulio mzima hauna. Kwa hiyo ukiikuta kwenye mfuko wa tumbo, ukuta ule umeanza kugeuka kuwa wa utumbo, na hilo ndilo tunalochunguza. Uzuri wake ni kwamba haina utata chini ya darubini: kiini kimekuwa kahawia au hakikuwa.

Bechi ya kwanza ilifanya kazi safi. Bechi ya pili, namba ileile ya katalogi, bei imepanda, ni maajabu. Viini vya utumbo mpana vimebaki bluu ya hematoksilini (rangi ya kuonyesha viini tu), saitoplazimu, yaani sehemu inayozunguka kiini, yote kahawia. Misuli kahawia. Mfuko wa tumbo wa kawaida kahawia. Tonsili kahawia. Nikapaka figo kwa hasira tu, nayo ikawa kahawia. Kwa bechi hii, mwili mzima ni utumbo!

Nikaandika malalamiko. Jibu la kwanza: "Boresha itifaki yako, Daktari." (Mimi ni mteknolojia wa maabara, lakini huyu wakala kila mtu kwake ni daktari mpaka aombe kurudishiwa pesa.) Haya, tukaboresha. Tukachemsha slaidi kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) ya sitreti ya pH 6, tukachemsha kwenye Tris-EDTA ya pH 9. Tukazimua zaidi na zaidi: kahawia ilififia kila mahali kwa pamoja, kiini hakikujitokeza. Slaidi isiyotiwa kingamwili ya kwanza ilitoka safi kabisa, kwa hiyo kosa si la kingamwili ya pili (ile inayoshika ya kwanza na kuleta rangi) wala la peroksidesi, kimeng'enya cha tishu zenyewe. Kisha tukachukua masalia ya bechi ya zamani, tukayapaka siku hiyohiyo, kwenye bloku ileile (tishu iliyozamishwa kwenye nta), mkono uleule. Viini vikang'aa kahawia. Sasa itifaki gani tena?

Jibu la pili: "Huenda ilipata joto njiani kuja Kisumu." Boksi lilifika barafu ikiwa ngumu, tukapiga picha ya kipimajoto mbele ya aliyelileta, akatia sahihi. Na hata lingefika limechemka, aliyelipakia kwenye basi Nairobi ni nani? Kama ni joto, ni lenu. Kama ni sungura, ni wenu.

Mimi nasema ni sungura. Kila sungura hutengeneza mchanganyiko wake wa kingamwili. Akibadilishwa, chupa ina kitu kingine chini ya lebo ileile. Hilo si siri. Köhler na Milstein walionyesha njia ya kutengeneza kingamwili za klono moja (zote zinafanana, za ukoo mmoja wa seli) mwaka 1975, wakapewa Nobeli mwaka 1984. Mwaka 2015 Bradbury na Plückthun, pamoja na wanasayansi wenzao zaidi ya 100, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba kingamwili za utafiti zitengenezwe kutokana na mfuatano wa jeni unaojulikana, ili chupa ya leo iwe sawa na ya kesho. Na karatasi ya bidhaa yetu? Picha moja nzuri ya utumbo mpana, ileile iliyokuwepo wakati wa bechi ya kwanza. Hakuna hata tishu moja isiyo na CDX2 ya kulinganishia.

Mwaka 2023 jarida la eLife lilitoa kazi iliyopima kingamwili 614 za protini 65 kwa kutumia seli zilizoondolewa jeni husika. Baada ya hapo wauzaji waliondoa sokoni takriban asilimia 20 ya zile zilizoshindwa kufikia matarajio, na takriban asilimia 40 ya hizo wakabadilisha matumizi wanayozipendekezea. Kumbe wanaweza! Wakibanwa na kundi kubwa wanaondoa bidhaa kimya kimya. Akilalamika mtu wa Kisumu, anaulizwa pH ya bafa.

Kinachoniuma zaidi si pesa. Biopsi ya mfuko wa tumbo ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Tunakikata kwa unene wa mikroni 4, na kila "jaribu tena" yao inakula bloku. Mgonjwa aliyetia sahihi fomu ya idhini hawezi kuitwa arudi kumezeshwa kamera ili sisi tuboreshe itifaki. Kijana wetu wa shahada ya uzamili ana bloku ambazo zimebaki nta tupu, na msimamizi wake anataka matokeo.

Wanajificha nyuma ya "kwa matumizi ya utafiti tu". Utafiti ndio huu tunaofanya!

Ninachotaka: pesa zirudi au tupewe klono moja badala yake, na bechi hii isiuziwe mtu mwingine. Aliyenunua hiyo ya poliklono mwaka huu anitumie ujumbe wa faragha, nitampa namba ya bechi alinganishe. Na anayetumia EPR2764Y au CDX2-88, kingamwili za CDX2 za klono moja, kwenye bloku za nta, tafadhali aandike hapa anazimua kiasi gani na anachemsha kwa bafa ipi. Picha za slaidi naziweka jioni, bechi ya zamani kushoto, mpya kulia.