Boti ya jeti inanguruma lakini haiendi, naomba ushauri

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Juzi nimenunua boti ya jeti (ile inayosukumwa na pampu ya kurusha maji nyuma) iliyotumika, naiendesha Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe. Nikiongeza mafuta injini inapanda hadi mizunguko 5,500 kwa dakika, lakini boti haizidi kilomita 25 kwa saa, na nyuma inatetemeka.

Nimetoa magugu maji kwenye wavu wa kunyonyea maji, nimebadilisha plagi, nimeweka petroli mpya. Wapi!

Fundi mmoja anasema ni mwinuko, maana ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sijashawishika: hewa nyepesi ingeipunguzia injini nguvu, sasa mbona inazunguka kwa kasi bila kusukuma?

Je, nitajuaje kama impela (feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji) imelika bila kushusha pampu nzima? Na nafasi kati yake na ringi inayoizunguka isizidi kiasi gani?