Usiku wa gitaa kavu, watu wa kujitolea wananiishia. Nakosea wapi?

Nyuzi Sita:

Wadau, salamu kwenu. Huu ni mwezi wa saba naendesha usiku wa muziki mkavu, mara moja kila mwezi. Magitaa, zeze, kalimba, filimbi na sauti za watu. Hakuna kinanda cha umeme wala dramu. Nilitaka pawe na mahali ambapo asiye na fedha ya tamasha anaingia na kusikia muziki kwa karibu, na anayejifunza anapata pa kuimbia bila kuzomewa. Hilo limetimia na ninalipenda kwa moyo wote.

Tatizo la kwanza ni watu. Tulianza tisa, tumebaki watatu. Hakuna aliyegombana na mwenzake, wameondoka kimya kimya. Huyu ana mtihani, yule kabadilishiwa zamu kazini, mwingine hapokei simu. Mwezi uliopita nilipanga viti, nikakaa mlangoni, nikashika miksa, ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, nikasherehesha, kisha nikaimba mwenyewe kuziba nafasi ya mtu ambaye hakutokea. Kwenye wimbo wa pili ulinipotea ubeti niliouandika kwa mkono wangu.

La pili ni fedha. Kiingilio ni hiari, kopo liko mlangoni. Mara tatu kati ya saba halikufikisha kodi ya ukumbi, nikajazia mfukoni mwangu. Ila kinachotumaliza hasa ni vyombo: spika mbili kubwa, spika za jukwaani, miksa na gari la kuvibeba. Kukodi vyombo kunazidi kodi ya ukumbi wenyewe! Na bado walioko nyuma wanasema hawasikii. Nikipandisha sauti maiki inapiga mluzi, na wao wanazidi kupiga soga. Ukumbi ni mrefu na mwembamba, kama hatua 16 kwa 7, jukwaa liko upande mfupi, na watu huwa 50 mpaka 60.

Sitaki kuweka kiingilio cha lazima. Nikikiweka, wale niliowaanzishia jambo hili ndio watakaobaki nje. Naombeni uzoefu wenu.

Bi Mlangoni:

Mdogo wangu, hongera kwa miezi saba, na pole. Mimi nilikaa mlangoni kwenye usiku kama wako kwa miaka sita, kwa hiyo naongea ya mlangoni. Ya vyombo nawaachia mafundi.

Tulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, aliyejitolea kupanga viti. Akimaliza viti alikuwa anasimama nje ya mlango wa ndani kuwapokea wanaochelewa. Kitasa cha mlango ule kilikuwa kinalia, ka! kila kikifunguliwa, basi yeye alikuja na kitambaa chake kutoka nyumbani, akawa anakizungushia kitasa na kukizungusha polepole, ili anayeimba asisikie. Mwaka mzima. Siku moja tunarudisha viti akaniuliza, "Bi, yule kijana wa zeze huwa wimbo wake unaishaje? Mimi nasikia mwanzo tu." Nikacheka kidogo, nikasema nitamwambia aje akuimbie. Sikumwambia. Baada ya miezi miwili yule mzee hakuja tena, na sikuwa na haki ya kushangaa.

Kwa hiyo kabla hujatafuta watu wapya, waangalie hao watatu. Je, wamewahi kukaa wakasikia wimbo mpaka mwisho? Walikuja kwa sababu ya muziki, kama wewe. Ukiwapa kazi tu na muziki ukawapa wengine, wataondoka bila ugomvi, kama unavyoeleza.

Sisi tulibadilisha hivi. Mlango ukawa unafungwa wimbo unapoanza na kufunguliwa watu wanapopiga makofi. Anayechelewa anasubiri dakika nne, hafi. Hapo mtu wa mlango naye akaweza kukaa ndani, kiti cha mwisho kabisa. Viti tukaacha kuvipanga. Tukavirundika pale pa kuingilia, kila anayekuja anabeba cha kwake, na akitoka anakirudisha. Kazi iliyokuwa ya watu watatu ikaisha yenyewe, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea: mtu aliyebeba kiti chake mwenyewe hujiona mwenyeji. Huyo hapigi soga nyuma.

Kila kazi ipe saa ya kuanza na saa ya kuisha. Ukitangaza mbele za watu "tunahitaji msaada", kila mmoja ataona anaambiwa jirani yake. Mfuate mtu mmoja, mwambie: wewe, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu, ushike orodha ya waimbaji, baada ya hapo kaa usikilize. Na mtu asishike kazi mbili usiku mmoja. Wewe mwenyewe ndiye wa kwanza kuivunja sheria hiyo. Miezi miwili kazini, wa tatu aje kama mgeni, hata kama mnapungukiwa.

Sasa kopo. Kopo la mlangoni linamkuta mtu hajasikia chochote, tena ana haraka ya kutafuta nafasi. Lipitishe ndani, kabla ya mwimbaji wa mwisho. Ukingoja mpaka mwisho wameshasimama. Na kabla ya kulipitisha mshereheshaji aseme hesabu kwa sauti: kodi ya ukumbi ni kiasi fulani, tulibakiwa na kiasi hiki mwezi jana, pengo ni hili. Watu huchangia pengo wanaloliona. Asiye nacho apitishe kopo kwa mwenzake na asitazamwe usoni. Wahesabu watu wawili, mezani, hapohapo, na karatasi ya hesabu ibandikwe mlangoni mwezi unaofuata.

Na kama kuna yeyote anayelipwa, hata nauli tu, wote wajue. Sisi tuliwahi kumlipa fundi wa vyombo kimya kimya, wengine wakajua baadaye. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichowauma ni kufichwa, na tulipoteza watu wanne kwa mkupuo.

Sauti ya Chumba:

Bi Mlangoni kamaliza upande wake, nami nachukua wa vyombo. Kaka, rudisha hizo spika kubwa.

Tatizo lako ni umbali, na umbali hautibiwi na spika. Kwenye uwazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani ya ukumbi kuta zinakurudishia kiasi, lakini kile kinachorudi kinafika kimechelewa na kinavuruga maneno. Mtu wako wa nyuma yuko hatua 13 au 14 kutoka kwa mwimbaji. Geuza ukumbi: mwimbaji akae katikati ya ukuta mrefu, viti vimzunguke nusu duara. Watu 60 wanaenea safu nne tu, na wa mwisho yuko hatua tano au sita. Gitaa kavu linafika hapo bila waya wowote, ukumbi ukiwa kimya.

Halafu uwe na spika moja ndogo yenye amplifaya ndani yake na maiki moja, kwa ajili ya mwenye sauti ndogo tu. Spika ikae mbele ya maiki, pembeni, kwenye kimo cha masikio ya waliokaa. Mluzi unatokea maiki inapoisikia spika yake yenyewe na kuirudishia sauti ileile, zunguko juu ya zunguko. Maiki za kawaida za kuimbia, kama ile Shure SM58 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966, zinasikia mbele na ni karibu viziwi kwa nyuma. Waambie waimbaji wasifunike ule wavu kwa kiganja. Matundu yanayoifanya maiki iwe kiziwi nyuma yako humo, ukiyaziba inaanza kusikia kila upande na mluzi unakuja. Mdomo uwe vidole vinne kutoka kwenye wavu.

Usishtuke ukijaribu sauti jioni na ukumbi ukavuma kama tangi. Miili na nguo humeza sauti, watu wakijaa mvumo unatulia.

Kutyuni, yaani kuweka nyuzi sawa, ndiko kunakokula muda wenu, nina hakika. Mpange hivi: mmoja anaimba, wa pili yuko chumba cha pembeni anatyuni, wa tatu anajua kwamba anafuata. Nunueni tyuna moja ya kubana kwenye kichwa cha gitaa. Inasoma mtikisiko wa mbao, kwa hiyo makelele hayaisumbui. Kama kalimba na gitaa vinapiga pamoja, gitaa ndilo liifuate kalimba, maana vyuma vya kalimba havisogezwi kwa dakika moja. Nyuzi mpya za nailoni zinavutika kwa siku kadhaa, mtu asizifunge asubuhi ya siku ya kupiga. Na kila mwimbaji nyimbo tatu au dakika 15, lolote litakalotangulia, akiwemo rafiki yako.

Mtunza Beti:

Mimi nina moja tu ambalo halijaguswa, haki za watunzi. Ukumbi uulizwe kama una leseni ya muziki wa hadhara. Sehemu nyingi duniani sheria haijali kwamba kiingilio ni hiari. Ukiimba wimbo wa mtu mbele ya umma, mtunzi ana chake. Mara nyingi ukumbi huwa umeshalipia na nyinyi hamdaiwi kitu, ila ni vizuri kujua kabla hujaulizwa.

Nawapenda hawa wanaodai haki za watunzi kwa jinsi walivyoanza. Mwaka 1847 huko Paris, mtunzi Ernest Bourget na wenzake walikaa kwenye mkahawa uliokuwa unapiga nyimbo zao bila kuwalipa. Walipoletewa bili ya vinywaji wakakataa: nyinyi mmetumia kazi yetu bure, nasi tumekunywa bure. Kesi ikaenda mahakamani wakashinda, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi, kilichopo mpaka leo. Na usiku wako unaweza kuwa mahali pazuri pa nyimbo mpya za waimbaji wenyewe. Tengeni nusu ya kwanza iwe ya nyimbo zao tu. Anayeleta wimbo wake kwa mara ya kwanza hujaliwa kwa namna nyingine kabisa na wasikilizaji.

Nyuzi Sita:

Bi Mlangoni, shikamoo. Niliposoma habari ya kile kitambaa cha kitasa nilinyamaza muda mrefu. Kati ya wale sita walioondoka, mmoja alikuwa anashika tochi kwenye ngazi. Kila mwezi. Nje.

Nimemfuata kwake badala ya kumpigia simu. Sikumwomba arudi kazini, nilimwomba aje akae.

Nyuzi Sita:

Narudi baada ya usiku wa nane, kwa sababu nina deni la kuwapa majibu.

Tuligeuza ukumbi. Spika kubwa hatukukodi. Watu 54 walibeba viti vyao, na nusu saa niliyokuwa natokwa jasho kila mwezi nikaitumia kuongea na waimbaji mmoja mmoja. Mwimbaji wa kwanza alikuwa dada wa makamo mwenye sauti nzito, akaanza bila maiki, na soga zikakoma kabla hajamaliza mstari wa pili. Sijawahi kuona hilo tangu tuanze. Vijana wawili walitoka nje wakaendelea na mazungumzo yao huko, na hakuna aliyewafukuza.

Kopo tulilipitisha kama ulivyosema, Bi. Halikujaa. Lilifikisha kodi na kubakiza kidogo sana, lakini kwa kuwa vyombo hatukukodi, huu ni mwezi wa kwanza ambao sikutoa kitu mfukoni. Hesabu waliifanya watu wawili, mimi nikiwa mbali.

Yule wa tochi alikuja. Alikaa safu ya pili, katikati. Mwisho akaniuliza mwezi ujao nani anashika orodha ya waimbaji, nikamwambia bado, akasema niandike jina lake, mpaka saa moja na nusu.

Jambo moja limebaki. Zeze halikusikika vizuri kwa waliokaa kwenye ncha mbili za nusu duara, hasa kushoto. Mpigaji alikaa chini kama ilivyo desturi yake, na nyuma yake tuna pazia zito jeusi tulilotundika ili picha zipendeze. Sauti ya Chumba, nimpe ile maiki?

Sauti ya Chumba:

Usimpe bado. Ondoa pazia kwanza, linakula sauti ambayo ukuta mtupu ungeirudisha kwa watu. Kisha mpigaji asogee nyuma abaki hatua moja tu kutoka ukutani, na chini yake weka jukwaa dogo la mbao lenye uwazi ndani, kimo cha goti, ili zeze lipite juu ya magoti ya safu ya mbele. Ncha za nusu duara zivute ndani kiti kimoja kila upande. Jaribuni hivyo alasiri, mmoja wenu akikaa kiti cha mwisho kushoto, na uniambie kama anayasikia maneno.