Vidole, uso, airisi au mishipa: kipi kinafaa kutambua wafanyakazi 800?

Kasiba
Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kupendekeza mashine mpya ya mahudhurio kwenye kiwanda cha matofali chenye wafanyakazi 800. Ya sasa inasoma alama za vidole, na kila asubuhi wazee walewale wanabaki pembeni kwa sababu imewakataa. Mikono yao imelika kwa saruji. Msimamizi anataka tuhamie kwenye uso, mimi bado nasita. Wenye uzoefu naomba mnisaidie kulinganisha.

Jiwe_la_Pembeni
Kwanza amua: mashine ithibitishe kwamba mtu ni yule anayejitaja, au imtafute yenyewe kati ya watu 800? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mfano, Apple walisema uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kufungua simu yao ni 1 kati ya 50,000, na kwa uso ni 1 kati ya 1,000,000. Ile 1 kati ya 50,000 inatosha kabisa ukilinganisha na mtu mmoja. Ukilinganisha na 800 kwa mpigo, inakaribia 1.6 kwa kila mia. Mwambie kila mtu aingize namba yake ya kazi kwanza, halafu kidole. Tatizo hilo linapungua sana bila kununua kitu.

Nuru
Kwa usahihi mimi nasimama na airisi, ile pete yenye rangi inayozunguka mboni. Mapacha wa yai moja, ambao hata kipimo cha kawaida cha vinasaba hakiwatenganishi, airisi zao ni tofauti. Hata jicho lako la kulia na la kushoto hayafanani. Mfumo wa Aadhaar, ule wa utambulisho wa watu nchini India, huchukua vidole kumi, airisi mbili na picha ya uso, hivyo aliyelika vidole anabaki na njia nyingine. Ila mtu lazima atulie mbele ya kamera, na foleni ya asubuhi haina subira hiyo.

Mama Sabra
Kuhusu uso, Kasiba, usikubali maneno matupu ya muuzaji. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi na kukuta kwamba kwa nyingi kati ya hizo, kosa la kumfananisha mtu na mwingine lilikuwa mara 10 hadi 100 zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki kuliko wa Ulaya Mashariki. Chache zilikuwa na tofauti ndogo sana, kwa hiyo inawezekana kufanya vizuri. Dai matokeo ya programu hiyohiyo anayokuuzia. Na wenye barakoa za vumbi je?

Jiwe_la_Pembeni
Hoja nzito hiyo. Kwa wazee wa saruji ningejaribu mishipa ya kiganja. Mwanga usioonekana unamulika mkono, damu ya mishipani inaunyonya, kamera inaona mchoro wake chini ya ngozi. Ngozi ya juu kulika hakuiharibii kazi kama inavyoharibu alama za vidole.

Mama Sabra
Na taarifa zitahifadhiwa wapi? Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibwa. Nenosiri likiibwa unaweka jingine. Kidole utakipata wapi kingine?

Kasiba
Nashukuru sana. Nimeamua: namba kwanza, kila mtu asajiliwe vidole vitatu badala ya kimoja, na wazee wajaribu kifaa cha mishipa kwa mwezi mmoja. Taarifa zibaki ndani ya kiwanda kwa usimbaji, yaani zifichwe ili asiye na ufunguo asizisome. Uso nimeuweka kando mpaka nione vipimo.

Mama Sabra
Na siku wanazokataliwa, wanalipwa?

Kasiba
Mlinzi huwaandika kwenye daftari, lakini si kila siku. Nitaomba iwe lazima kwa maandishi, kabla mashine yoyote haijanunuliwa.