Mkimbizi anayekaa Mombasa: apewe hati ya kusafiria hapa hapa, au arudi kambini kwanza?

Abu Kibokoni
Assalamu alaikum wanabaraza. Jirani yangu ni mama wa makamo, asili yake Barawa, pwani ya Somalia, ana kadi ya mkimbizi na faili yake iko Dadaab, kambi ya wakimbizi huko Garissa. Mombasa amekaa miaka na miaka, apika bajia na viazi karai, watoto wasoma hapa. Ndugu zake walio Marekani wamemlipia Umra. Wakala asema bila pasipoti hakuna safari, na pasipoti ya Kenya si haki yake, yeye si raia. Inayomhusu ni hati ya kusafiria ya wakimbizi. Ameuliza, akaambiwa aanzie kambini. Je, ni sawa? Mimi nasema apewe hapa hapa. Nyinyi mwasemaje?

Mtu wa Ganjoni
Wa alaikum salaam. Apewe kwa msingi gani? Mtu wa kambini haondoki kambini bila kibali. Sasa huyu hana karatasi ya kumtoa Garissa, nawe wataka apewe karatasi ya kumfikisha Makka? Sisi raia mwaka 2023 tulikaa tukingoja pasipoti, mara mashine ya kuchapa imeharibika, mara vitabu vimekwisha, watu kazi za Qatar zikawapita hivi hivi. Hakuna aliyetulilia. Na tukisema ukweli, nusu ya hao wa Mji wa Kale wanaojiita Waswahili walishuka na mashua mwaka 1991.

Bint Mwinyi
Nusu? Ulikuwa umekaa Bandari ya Kale na daftari ukiwahesabu? Babu yangu na baba yake wamezikwa mji huu. Na bado nilipokwenda kuchukua kitambulisho niliulizwa cha baba, cha babu, kisha nikaketishwa mbele ya wazee waniulize bibi yangu aliolewa mtaa gani. Wenzangu wa darasa moja wenye majina ya bara walichukua vyao wakaenda zao. Leo waja kuniambia mimi wa mashua!

Mtu wa Ganjoni
Sikukutaja dada. Ila umejitaja mwenyewe.
Na majina ya bara ndiyo yapi? Sema tu, usimung'unye. Baba yangu alikuja kufanya kazi bandarini kabla hujazaliwa, mimi kitovu changu kimezikwa Mombasa.

Bint Mwinyi
Basi baba yako naye alishuka na gari moshi. Nani mgeni?

Kijana wa Kongowea
Mshaanza. Jirani wa watu atafika Jidda kwa miguu nyinyi bado mwaulizana kabila.

Wakili wa Baraza
Naomba nirudi kwenye swali. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966. Kifungu cha 28 chasema nchi itawapa wakimbizi wanaokaa kwake kihalali hati ya kusafiri nje, isipokuwa kuwe na sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Kwa hivyo si hisani. Hoja ya Ganjoni yenye uzito ni moja tu, ya kukaa kihalali: aliyeandikishwa Dadaab akakaa Mombasa bila kibali, afisa ana pa kumshikia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 haikuondoa maeneo yaliyotengwa wakimbizi wakae. Maombi hupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi, kitabu hutolewa na Uhamiaji, ndiyo maana wanauliza faili iko wapi. Lakini faili kusafiri ni kazi ya ofisi na ofisi. Kumsafirisha mama mwenyewe mpaka Dadaab akatoe sahihi, hapo ndipo mimi sikubali.

Dereva Changamwe
Wakili, maneno mengi. Somalia imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu 2024 ni mwanachama kamili. Si aende ubalozi wao achukue pasipoti ya kwao, asafiri kama mtu? Shida iko wapi?

Wakili wa Baraza
Shida iko hapa, na ungesoma sheria ungeiona. Mkimbizi akienda kwa hiari yake kuchukua pasipoti ya serikali aliyoikimbia, amejirudisha chini ya ulinzi wake. Mkataba huo huo wa 1951 wataja hiyo kuwa sababu mojawapo ya ukimbizi kukoma. Ni kweli sheria ya 2021 imempa mtu wa Jumuiya mlango wa kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili afaidi haki za Jumuiya. Lakini akiacha ameacha. Kadi hana, kinga ya kutorudishwa kwa nguvu hana, na kama alikuwa na tumaini la kuhamishiwa nchi ya tatu, kwaheri. Yote hayo kwa safari ya wiki mbili? Mimi simshauri mtu hivyo.

Dereva Changamwe
"Ungesoma sheria." Mimi nimeendesha trela mpaka Kigali na Bujumbura, mipaka naijua kuliko wewe unayeisoma kwenye makaratasi. Malaba wakikuuliza kitabu hawakuulizi Mkataba wa mwaka gani. Wasomi mna tabu, mtu akiuliza swali la kawaida mwamfanya mwanafunzi.

Kijana wa Kongowea
Dereva amekasirika, breki zimekatika 😂

Mzee wa Utange
Wanangu, nimesoma matusi yenu yote. Huyo wa mashua za 1991 nimjibu mimi. Siad Barre, rais wa Somalia, alipoanguka watu wa Barawa walikuja, naam, na walikuja wakizungumza Kiswahili chao cha Chimwiini, tukasikilizana nao siku ya kwanza. Hapa kwetu Utange palikuwa na kambi. Hawakupotelea Mji wa Kale kama mnavyodhani. Kambi za pwani zilifungwa miaka hiyo hiyo ya 90, wengi wakapelekwa Kakuma na Dadaab, na wengine wakachukuliwa Marekani. Waliobaki wamebaki kwa kuoa na kuolewa. Kwa hivyo leo kumwambia mama arudi kambini ndiyo karatasi ianze, ni kama hamjui kambi yenyewe ilikuwa hapa.

Mtu wa Ganjoni
Shikamoo mzee. Sikatai historia. Lakini nyumba Tudor zimepanda kodi kwa ajili ya nani? Anayetumiwa dola hashindani na mimi ninayelipwa shilingi. Hilo hamtaki kulisema.

Bint Mwinyi
Kodi tena! Mara pasipoti, mara mashua, mara kodi. Wenye nyumba za Tudor ni wakimbizi? Muulize mwenye nyumba wako jina lake, huenda likawa la bara.

Salim wa Mtongwe
Hiyo ya kuhojiwa na wazee si ilifutwa mwaka 2024?

Bint Mwinyi
Wajir, Februari 2025, ndipo Rais alipotia sahihi ya kuifuta. Mimi changu nilikitafuta zamani. Na kutia sahihi Wajir ni kitu kimoja, nenda kaunta leo na jina la Kiarabu uone.

Salim wa Mtongwe
Sasa nauliza, Wamakonde wa Kwale si walitembea kwenda Nairobi 2016 wakapewa uraia, na Wapemba wakapewa 2023? Huyu mama naye apewe uraia tuishe.

Wakili wa Baraza
Hao hawakuwa na nchi yoyote inayowatambua. Mkimbizi ana nchi, ila hawezi kurudi. Ni mambo mawili. (Dereva, simaanishi ubaya.)

Mama Kaimati
Nyinyi wanaume mwapigana bure, hiyo hati mumewahi kuiona? Mpangaji wangu alikuwa nayo. Kitabu cha buluu, juu kushoto mistari miwili myeusi, na ndani kimeandikwa nchi zote isipokuwa ile aliyoikimbia. Siku ya safari nilimsindikiza. Msichana wa kaunta alikigeuza, akakigeuza tena, akatafuta jina la nchi juu ya jalada, akaita msimamizi, msimamizi naye akapiga simu. Sisi tumesimama, watu nyuma wanaguna. Alipanda, lakini wa mwisho kabisa, jasho limemlowesha buibui. Na viza ni juu ya nchi aendayo, waweza kuwa na hati na bado ukanyimwa. Halafu akipata shida huko, hati haimpi haki ya kulindwa na ubalozi wa Kenya. Kilicho kizuri ni kuwa ikiwa haijaisha muda, Kenya ni lazima impokee akirudi. Huyo mama ayajue haya kabla hajalipa senti. Asije akamwona broka wa kumwambia "lete elfu kadhaa nikutolee wiki ijayo".

Abu Kibokoni
Mama Kaimati shukran. Kulipa ameshalipa. Wakala alichukua malipo ya awali, na alijua tangu siku ya kwanza kuwa hana pasipoti. Sasa asema pesa hazirudi, zimeshaingia kwenye hoteli.

Dereva Changamwe
Hoteli gani ya kulipiwa mtu asiye na kitabu? Huyo ni mwizi.

Mtu wa Ganjoni
Hapo nami nakubali. Alichukuaje pesa bila kuona pasipoti? Kazi ya kwanza ya wakala ni kuuliza hiyo.

Bint Mwinyi
Alhamdulillahi, Ganjoni amekubali kitu. Niandikieni tarehe.

Mtu wa Ganjoni
Nimekubali ya wakala, si ya hati. Kambini anarudi.

Wakili wa Baraza
Abu, alipewa risiti? Na jina lililoandikwa ni lake au la ndugu yake wa Marekani? Kama pesa zilitumwa kutoka huko, mwenye kudai huenda akawa ni yule ndugu.

Abu Kibokoni
Risiti ipo, ya mkono. Jina ni la mama. Ameniambia wakala amemwita kesho Mwembe Tayari wazungumze.

Mama Kaimati
Asiende peke yake. Nani yuko huru kesho baada ya Adhuhuri?

Dereva Changamwe
Mimi niko. Gari liko gereji mpaka Alhamisi.